Kuishi Narbonne Miezi Mitatu kwa Mwaka: Mwongozo Kamili wa Nchi ya Mizabibu, Kusini mwa Ufaransa

Dumu langu la lita 5 lina kifuniko chekundu, na limeshafika Narbonne mara nyingi kuliko ndugu zangu walioapa kwamba mwaka huu lazima waje. Huku Languedoc, kusini mwa Ufaransa, ghala za ushirika wa wakulima wa zabibu huuza mvinyo kwa kipimo. Unaingia na dumu lako, kijana anachukua mpira wenye mdomo wa chuma kama ule wa kituo cha mafuta, anabonyeza, mashine inahesabu lita, unalipa euro mbili tatu kwa lita, unaaga. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu pale ghalani. Nilikumbuka Tanga, foleni ya mafuta ya taa, watoto tumeshika vidumu.

Mimi na mume wangu tumestaafu, makazi yetu ni Leicester, na kila mwaka tunakwenda Narbonne mara mbili: siku 45 baada ya baridi kuisha, siku 45 wakati wa mavuno ya zabibu. Hatuendi kama watalii. Mtalii anataka kuona vingi kwa siku chache. Sisi tunataka muuza jibini akituona aulize, "Mmerudi lini?" Ukitaka maisha ya namna hiyo, yaani kuishi kwa vipande mahali palepale mwaka hadi mwaka, fuata hatua hizi. Nimewafikiria wenye pasipoti ya Uingereza kama sisi, na wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu dada yangu alikuja kutoka Tanga na nilizijua karatasi zake moja moja.

Hatua ya 1: Chagua mji mmoja wenye stesheni ya treni

Languedoc ni kubwa. Tangu 2016 imeunganishwa ndani ya mkoa wa Occitanie, na sehemu ya mizabibu inaanzia karibu na Nîmes, inapita Montpellier, Béziers na Narbonne, hadi Perpignan karibu na mpaka wa Hispania. Kosa la wengi ni kupenda kijiji. Unaona picha: nyumba za mawe, mnara wa kanisa, paka amelala kwenye ngazi. Unakodi. Siku ya tatu unagundua mkate uko kilomita 6, basi linapita mara mbili kwa siku, na Jumapili halipiti kabisa. Kijiji bila gari ni kifungo chenye mandhari nzuri.

Mimi nimechagua Narbonne, na sababu zangu ni za mtu mvivu. Reli inagawanyika hapo: tawi moja linakwenda Toulouse kupitia Carcassonne, lingine linashuka Perpignan na Hispania, lingine linapanda Béziers, Sète na Montpellier. Mji wenyewe unamalizwa kwa miguu. Mfereji wa Robine unapita katikati, soko la ndani liko kando yake, bahari iko karibu, na vilima vya mizabibu vya La Clape vinaanzia ukingoni mwa mji.

Béziers nyumba zake ni nafuu na mji umejaa historia, ila umekaa juu ya kilima. Magoti yako yaulizwe kwanza. Sète ni bandari ya wavuvi, chakula cha baharini hakina mfano, lakini wakati wa kiangazi huwezi kupata hata kiti. Montpellier ni jiji la vijana na wanafunzi. Tramu zake ni bure tangu Desemba 2023, ila bure hiyo ni ya wakazi waliojiandikisha. Sisi wageni tunakata tiketi. Pézenas inapendeza kuliko yote, na haina treni ya abiria. Basi, nimemaliza.

Hatua ya 2: Hesabu siku kabla ya kununua tiketi

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa hiyo soma taratibu. Kwa ziara fupi, mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika eneo lote la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, si Ufaransa peke yake. Waingereza nao wamo humu tangu Januari 2021. Siku 180 hazianzi Januari wala siku uliyoingia. Zinatembea na wewe: kila siku unayokuwa ndani, afisa anahesabu kurudi nyuma siku 180 na kujumlisha siku zote ulizokuwemo. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia.

Chukua mwaka wetu. Tunaingia Aprili 10, tunatoka Mei 24. Aprili ni siku 21, Mei 24, jumla 45. Tunarudi Septemba 5, tunatoka Oktoba 19: siku 26 na 19, jumla 45 nyingine. Sasa simama Oktoba 19 uhesabu nyuma siku 180. Unafika Aprili 23. Siku zile 13 za mwanzo, Aprili 10 hadi 22, zimeshadondoka nje ya hesabu, na ndani zimebaki 77. Tuko salama, na tuna akiba ya angalau siku 13 iwapo mtu ataugua au ndege zitagoma.

Zamani watu walijitetea kwa mihuri iliyofifia kwenye pasipoti. Tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya imeanza mfumo wa kusajili wasio raia wake kwa alama za vidole na picha ya uso mpakani, na kompyuta ndiyo inayohesabu. Kompyuta haibembelezwi.

Ukitaka zaidi ya siku 90 mfululizo, kuna viza ya muda mrefu ya "visiteur". Inataka uthibitisho wa kipato, bima ya afya ya kipindi chote, na ahadi kwamba hutafanya kazi Ufaransa. Ile ya mwaka mzima lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu ufike, ukisahau, imekufa.

Hatua ya 3: Karatasi za viza kwa anayetoka Afrika Mashariki

Maombi yanaanzia tovuti rasmi ya serikali inayoitwa France-Visas. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usiwe mtu wa siku 15. Ada ya viza fupi kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na wakala anayepokea makaratasi anaongeza yake. Ukinyimwa, hairudi.

Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na iwe halali Schengen yote. Kisha fedha. Ufaransa ina viwango vyake vya siku: euro 65 kwa mwenye uthibitisho wa hoteli, euro 120 kwa asiye nao, na euro 32.50 kwa anayekaa kwa mwenyeji. Huyo mwenyeji, akiwa mkazi wa Ufaransa, anakwenda ofisi ya mji wake kuomba karatasi inayoitwa "attestation d'accueil", na mgeni anatumiwa nakala halisi. Barua ya kawaida ya "mimi ni shangazi yake, namfahamu tangu mdogo" haisaidii kitu.

Dada yangu alipoomba, kilichomsaidia zaidi ni mpangilio. Mkataba wa nyumba tuliyokodi wenye jina lake, taarifa za benki za miezi mitatu zinazoonyesha pesa zikiingia taratibu badala ya kumwagwa zote wiki moja kabla, barua ya likizo kutoka kazini, na ratiba ya ukurasa mmoja. Tiketi ya ndege aliweka nafasi bila kulipia kwanza. Na kama una nia ya kurudi, omba viza ya kuingia mara nyingi na ueleze kwa nini.

Jambo moja la kulikata mapema: kununua nyumba Ufaransa hakukupi viza wala haki ya kukaa. Dalali atakuonyesha bwawa la kuogelea, hilo hatalisema.

Hatua ya 4: Nyumba, na maswali ya kumuuliza mwenye nyumba

Kodi ya msimu kwa nyumba yenye samani haiwezi kuzidi siku 90 mfululizo kwa mpangaji yuleyule, na inatufaa hivyohivyo. Kuna pia mkataba uitwao "bail mobilité", wa mwezi 1 hadi 10 na usiotaka amana, ila ni wa wanafunzi na wafanyakazi wa muda. Mstaafu au msafiri halimhusu.

Bei inategemea mwezi kuliko mji. Katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti wenye nyumba wanauza kwa wiki, na pesa ya wiki mbili za Agosti imetulipia karibu mwezi mzima wa Oktoba. Andika barua pepe, kwa Kifaransa hata kama ni cha programu ya tafsiri, uombe bei ya mwezi. Wengi wanapunguza, kwa sababu nyumba tupu nayo inakula.

Mara yetu ya kwanza tulikwenda Februari. Tangazo lilisema nyumba ina joto. Tulipofika, joto lenyewe lilikuwa hita moja ya umeme sebuleni, kuta za mawe unene wa mkono mzima, na upepo wa Tramontane unapiga filimbi chini ya mlango. Tulilala na makoti. Mwenye nyumba akatujibu kwa upole kwamba wapangaji wake wa Agosti hawajawahi kulalamika.

Tangu siku hiyo nauliza haya kwa maandishi. Kuna hita ngapi, na chumba kipi hakina? Umeme umo kwenye kodi au unasomwa mita? Madirisha yanatazama upande gani? (Unataka kusini, na ua uliokingwa kutoka kaskazini-magharibi, upepo unakotokea.) Ghorofa ya ngapi, na lifti ipo? Amana ni kiasi gani, inarudi baada ya siku ngapi? Siku ya kupokea ufunguo kuna ukaguzi wa nyumba unaoitwa "état des lieux": piga picha kila ufa, kila kikombe chenye pengo. Juu ya kodi kuna ushuru mdogo wa wageni kwa kila usiku kwa kila mtu mzima, usidhani unaibiwa.

Hatua ya 5: Kufika

Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Paris Charles de Gaulle; kutoka Dar wengi huunganisha Addis Ababa, Doha au Dubai. Treni za kasi kwenda kusini huondoka hasa Gare de Lyon, Paris, na safari hadi Narbonne ni kama mwendo wa saa nne na nusu. Chache huanzia stesheni ya uwanja wa ndege wenyewe na kukufikisha Montpellier bila kuburuta masanduku Paris. Tafuta hizo kwanza. Tiketi za treni za kasi hupanda bei jinsi siku inavyokaribia. Zile za treni za mkoa, zinazoitwa liO, hazina presha hiyo.

Barcelona nayo ifikirie. Iko mwendo wa karibu saa mbili kwa treni ya kasi, na nauli ya ndege huko mara nyingine ni rahisi kuliko Paris. Ila mwombaji wa viza akumbuke: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, yaani Ufaransa, hata ukitua Hispania.

Plagi zetu za pini tatu hazifanyi kazi kule. Beba adapta mbili, moja itapotea.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza, jifunze saa za mji

Ukiingia duka lolote, sema "Bonjour" kabla ya neno jingine. Siyo adabu ya ziada. Kuuliza bei bila kusalimu ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi, na utahudumiwa kama mtu aliyeingia bila hodi. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hili tunalielewa haraka kuliko wageni wengi. Ukitoka, "Bonne journée".

Saa sita mchana mji unafunga. Posta, duka la vifaa, fundi, wote wanakwenda kula hadi saa nane, wengine saa tisa. Jikoni za mikahawa zinapika saa sita hadi saa nane mchana na kuanzia saa moja jioni. Fika saa nane na nusu uone: viti viko juu ya meza. Jumapili mchana na Jumatatu panga kuwa na chakula nyumbani. Mlo mkubwa ule mchana, siku za kazi, kwa sababu ndipo mikahawa inapoweka bei moja kwa chakula cha siku pamoja na kitangulizi au kitamu. Sisi hulipa euro 16 hadi 22 kwa mtu, na usiku palepale ingekuwa karibu mara mbili.

Sasa soko. Soko la ndani la Narbonne, Les Halles, lilifunguliwa 1901, jengo la chuma na vioo kando ya mfereji, na hufunguliwa kila asubuhi, Jumapili ikiwemo. Nenda saa mbili asubuhi kununua, na saa sita kushangaa. Humo ndani kuna kaunta moja ya chakula ambayo mwenyewe anapiga agizo kwa kipaza sauti cha mkononi kwenda kwa mchinjaji wa kibanda cha pili, na nyama iliyofungwa inarushwa hewani juu ya vichwa vya wateja, naye anaidaka. Usistuke. Narbonne ni mji wa raga, klabu yake ilichukua ubingwa wa Ufaransa 1936 na 1979, na mikono ya watu wake haisahau.

Chagua kibanda kimoja cha mboga, kimoja cha jibini, kimoja cha samaki, na usihame hata kama jirani kashusha bei kwa senti 20. Wiki ya kwanza wewe ni mgeni. Wiki ya pili unaongezewa kotimiri. Ya tatu unaambiwa, "Hizo nyanya ziache, kesho zinakuja nzuri." Hapo umeshaingia.

Kwa wasiokula kila nyama: wachinjaji wa halali wapo Narbonne, Béziers, Montpellier na Perpignan, kwa sababu miji hii ina familia nyingi zenye asili ya Maghreb. Viungo vyote vya pilau utavipata kwao. Nazi ya kukuna ni habari nyingine. Ukikumbwa na hamu ya kwetu kabisa, Marseille iko kama saa tatu kwa treni, na huko kuna Wakomoro maelfu kwa maelfu. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, ukitega sikio utadaka nusu ya mazungumzo.

Hatua ya 7: Mvinyo, hata kama hunywi

Anza kwenye ghala la ushirika kabla ya kwenda kwa wakulima wakubwa wenye majumba. Ushirika wa Maraussan, karibu na Béziers, ulianzishwa 1901 na ni miongoni mwa wa kwanza kabisa Ufaransa. Ukitaka kujua kwa nini wakulima hawa wanashikana, nenda kijiji cha Argeliers. Machi 1907 watu 87 walitoka hapo wakafuata barabara ya Narbonne wakiongozwa na mwenye mkahawa aitwaye Marcelin Albert. Bei ya mvinyo ilikuwa imeanguka, na sokoni kulikuwa na mvinyo wa kughushi uliotengenezwa kwa sukari na maji. Kufikia Juni mikutano ilikuwa ya mamia ya maelfu ya watu. Serikali ikaleta jeshi, watu wakapigwa risasi Narbonne, na kikosi cha askari wa Béziers, watoto wa wakulima haohao, kikaasi. Kabla Juni haijaisha Bunge likapitisha sheria dhidi ya mvinyo wa kughushi. Nikisikia mtu anauita mvinyo wa Languedoc wa bei poa, nawakumbuka hao.

Kusoma chupa: maandishi AOP yanamaanisha eneo dogo lenye masharti ya aina za zabibu na namna ya kulima, kama Corbières, Minervois, Fitou au La Clape. IGP Pays d'Oc ni eneo pana, mkulima ana uhuru zaidi, na mara nyingi ndiko kwenye thamani ya pesa. Zabibu nyekundu za hapa ni Carignan, Grenache, Syrah, Mourvèdre na Cinsault. La Clape, iliyopata hadhi yake ya peke yake 2015, ina mvinyo mweupe wa zabibu ya Bourboulenc wenye chumvichumvi ya bahari. Nao ndio pekee ninaokataa kuunywa kutoka kwenye dumu.

Kwa mkulima mmoja mmoja, piga simu kwanza. Kuonja kunaitwa "dégustation". Kutema ndani ya ndoo waliyoweka ni kawaida na si dharau. Ukionja vitano, nunua chupa moja au mbili. Usimwombe akuruhusu kuvuna kwa kujifurahisha: kuvuna ni kazi, kazi inataka mkataba, na akikutwa na mtu asiye na mkataba shambani faini ni yake. Atakukatalia, au akikubali utakuwa umemtia matatani. Kutembea kando ya shamba na kupiga picha hakuna anayekukataza.

Asiyekunywa, kama shemeji yangu, anapata mengi pia. Waulize kama wana "jus de raisin", maji ya zabibu yasiyochachushwa. Ushirika mwingi huyauza. Na shamba lenyewe ni somo. Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Huku unavunwa mara moja, kuanzia zabibu nyeupe za mwishoni mwa Agosti hadi nyekundu za Oktoba, kisha unalala. Ukija Januari utakuta vigogo vyeusi vimejikunja kama ngumi, na mtu mmoja shambani mwenye mkasi, anapogoa, safu baada ya safu.

Kuhusu gari: kikomo cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Polisi hupima bila sababu. Sisi hukodi gari siku mbili tatu tu kwa safari nzima, na anayeendesha haonji.

Hatua ya 8: Safari za siku moja

Nayoipenda kuliko zote ni ya baiskeli, na siri yake ni upepo. Subiri siku ambayo Tramontane inapuliza kwa kiasi. Kodi baiskeli Narbonne, fuata njia ya kando ya mfereji wa Robine kuelekea Port-la-Nouvelle, kilomita 20 na kitu. Baada ya mji na mizabibu, nchi kavu inapungua hadi unabaki ukanda mwembamba: mfereji, reli, na wewe, maji ya ziwa la pwani kulia na kushoto. Heroe wamesimama kwa mguu mmoja kama wanaosubiri basi. Upepo unakusukuma mgongoni njia nzima. Ukifika, kula samaki, kisha rudi na baiskeli yako kwa treni ya mkoa. Niliwahi kujaribu kurudi kwa kunyonga dhidi ya upepo. Mara moja.

Carcassonne ni kama nusu saa kwa treni. Ngome yake ilirekebishwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc karne ya 19, na watu wanajaa. Ingia saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kutembea ndani ya kuta ni bure. Béziers nenda uone ngazi za maji za Fonseranes, ambapo boti hupanda kilima kwa kufungwa na kufunguliwa milango ya maji. Ni sehemu ya mfereji wa Canal du Midi, kilomita 240, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, ambaye alikufa miezi michache tu kabla haujafunguliwa. Miti mikubwa ya kandokando ambayo utaiona kwenye picha za zamani imekatwa kwa maelfu kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa hapo 2006. Sehemu nyingine zimebaki wazi, jua linakuchoma, vaa kofia.

Collioure, kusini ya Perpignan, ndiko wachoraji Matisse na Derain walikopaka rangi zao kali 1905. Nenda nje ya Julai na Agosti.

Hatua ya 9: Jua lina meno, na mvua pia

Kiangazi moto unakimbia. Agosti 2025 moto wa Corbières, ndani ya wilaya hiihii ya Aude ilipo Narbonne, uliteketeza takribani hekta 16,000. Siku za hatari njia za vilimani hufungwa. Ukikuta kizuizi, geuka. Usiwashe chochote nje, hata sigara.

Vuli mvua huanguka kwa mkupuo. Oktoba 2018 mafuriko ya usiku mmoja katika Aude yaliua zaidi ya watu 10. Simu ikikuletea tahadhari nyekundu, kaa nyumbani, panda ghorofani, na usivushe gari kwenye maji yanayotembea hata kama jirani kavusha.

Namba ya dharura ni 112, na 15 ni ya madaktari. Kumwona daktari wa kawaida ni euro 30 tangu Desemba 2024. Unalipa, unachukua risiti ya kudai bima. Wa Uingereza wabebe GHIC, kadi yao ya matibabu ya safarini. Kwa jambo dogo anza kwa mfamasia, penye msalaba wa kijani.

Septemba hadi mwisho wa baridi wawindaji wa nguruwe pori huwa msituni, hasa mwisho wa wiki. Vaa kitu cha rangi ya machungwa.

Hatua ya 10: Usinunue bado

Kila anayekaa huku wiki tatu hufika dirishani kwa dalali. Kabla hujaingia, kaa majira yote, Februari ikiwemo. Ukinunua nyumba ya zamani, gharama za uandikishaji kwa afisa wa sheria, "notaire", ni kama asilimia 7 hadi 8 juu ya bei. Ukisaini mkataba wa awali una siku 10 za kubadili mawazo, na kwa kawaida unaweka asilimia 10. Baada ya hapo, kila mwaka kuna kodi ya mmiliki, "taxe foncière", na pia kodi ya makazi, "taxe d'habitation", ambayo tangu 2023 wenye makazi ya kudumu hawalipi tena lakini wenye nyumba ya pili wanalipa, na miji mingi imeiongeza. Weka bima, bomba lililopasuka mkiwa hampo, na mtu wa kufungua madirisha. Mimi nilipiga hesabu hiyo kwenye karatasi ya mkate. Tunaendelea kukodi.

Siku ya kuondoka

Weka nafasi ya nyumba ya mwaka ujao kabla hujakabidhi ufunguo. Mwenye nyumba aliyekuona ukifuta jiko ni mwepesi wa bei. Omba ukaguzi ufanyike ukiwepo, usikubali "acha ufunguo chini ya chungu".

Mizigo: kuingia Uingereza mtu mzima anaruhusiwa lita 18 za mvinyo bila ushuru. Kuingia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni lita 2, kwa hiyo dada alibeba chupa mbili za zawadi kwa wakubwa zake wa kazini, na sanduku lililobaki akajaza asali ya rozimari ya Narbonne, aliyofunga kwa khanga tatu na soksi zangu.

Dumu linabaki kwa jirani wa chini, mama wa miaka themanini na kitu. Huliosha kwa maji moto, huligeuza juu chini barazani likauke, na tukirudi Aprili hutukabidhi pamoja na habari za nani kafariki.